Mifupa ya Wanaoishi na VVU na Utelezi wa Penye Udhu

Zamani aliyeambukizwa VVU hakutarajiwa kuuona uzee. Leo, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa dawa za kufubaza virusi, yumo katika safu zetu akiwa na miaka 60 na ushei, ni babu wa wajukuu. Neema hiyo imefuatana na jambo ambalo familia nyingi hazijalisikia: mifupa ya wanaoishi na VVU huelekea kupungua nguvu mapema kuliko ya wenzao wa rika moja, na hatari yao ya kuvunjika ni kubwa zaidi. Mfupa hudhoofika bila maumivu. Wengi hujua siku ya kuanguka, nyonga ikiwa imekwisha vunjika.

Sababu si moja. Kirusi chenyewe huuweka mwili katika mapambano ya kudumu, na mapambano hayo huvuruga ujenzi wa mfupa. Kisha ipo tenofoviri, dawa iliyomo katika kidonge cha kila siku wanachotumia wagonjwa wengi hapa Tanzania. Katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo wa matibabu, madini ya mfupa hupungua kwa asilimia 2 hadi 6, kisha kwa kawaida hali hutulia. Wembamba uliokithiri, sigara, ulevi na kukoma hedhi huongeza udhaifu.

Tusieleweke vibaya. Anayeacha dawa kwa kuihofia mifupa yake huvirudishia virusi nguvu, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ile anayoikimbia. Hofu yake aipeleke kliniki. Daktari aweza kupima figo, hata kubadili dawa ikibidi. Wala asijinunulie vidonge vya kalsiamu dukani na kuvimeza kimyakimya. Kalsiamu na madini ya chuma, vikimezwa na tumbo tupu pamoja na dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kilekile, huizuia dawa hiyo isiingie mwilini ipasavyo. Saa ya kumeza ipangwe na mhudumu wa afya, hasa Ramadhani inapokaribia.

Nyumbani, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi vina manufaa. Mama zetu wanaojisitiri watokapo wanaweza kuota jua uani, mikono na miguu ikiwa wazi, mahali wasipoonwa na asiye maharimu.

Sisi wa kamati za misikiti tuna sehemu yetu, nayo ni penye udhu. Vigae vinavyong'aa (twavipenda mno, na ni ghali) vikilowa sabuni humwangusha hata kijana, sembuse mzee wa Alfajiri gizani. Panahitajika taa, sakafu yenye kukwaruza na bomba la chuma la kushikilia ukutani, kazi ambayo fundi wa kuchomelea huimaliza kwa siku moja. Viti navyo viwekwe mwishoni mwa safu. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na hatuna haki ya kumuuliza anaumwa nini.