Mzazi, Mwalimu wa Shule ya Msingi na Mtihani wa Kidato cha Sita

Kila mara walimu wanafunzi wanaporudi chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta, lalamiko moja halikosekani katika ripoti zao: ya kwamba wazazi wa huko hawajali elimu ya watoto wao. Hawaji mikutanoni, hawakagui madaftari, hawajui mtoto anasoma nini. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza lalamiko hilo kwa kutazama mahali ambapo mwalimu wa shule ya msingi hana desturi ya kupatazama, yaani mwisho wa safari, pale kijana wa miaka 18 au 19 anapofanya mtihani wa kidato cha sita. Mwalimu akiisha kuyajua yanayompata mzazi katika kipindi hicho, hatalitoa tena lalamiko hilo kwa wepesi, na ataona kwamba sehemu ya dawa imo mikononi mwake mwenyewe.

Tuanze na mtihani. Hapa Tanzania hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia chuo kikuu, kama ulivyo nchini China au Korea ya Kusini. Mtihani wa kumaliza kidato cha sita, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na kufanywa mwezi wa Mei, ndio huo huo unaomfungulia au kumfungia kijana mlango wa shahada. Baraza hilo liliundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya nchi yetu kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Upo wakati ambapo kufaulu peke yake hakukutosha: kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana alipaswa kwanza afanye kazi kwa miaka miwili na kupata mapendekezo ya mahali alipofanyia kazi, ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Twayataja kwa sababu wapo babu na bibi wanaowalea vijana wa leo ambao bado wanaukumbuka utaratibu ule, na ushauri wao hutokana na huo.

Sasa tumtazame mzazi. Mama auzaye vitumbua Mbagala Rangi Tatu, au baba aliye fundi seremala Keko, aghalabu alisoma hadi darasa la saba, na wengi wao ni matunda ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1977. Mtoto wake awapo katika shule ya msingi, mzazi huyo anaweza kumsikiliza akisoma, anaweza kumwuliza jedwali la kuzidisha, anaweza hata kuliona kosa katika imla, maana lugha ya darasani ndiyo lugha ya nyumbani. (Shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza tunaziacha kando, huko mzazi hufungiwa mlango mapema zaidi.) Mtoto aingiapo kidato cha kwanza, Kiingereza hushika nafasi ya Kiswahili katika takriban masomo yote. Mzazi hufunua daftari, haelewi, hulifunika. Hakuna aliyemwambia aondoke. Hujiondoa mwenyewe kwa aibu, na kijana naye hutambua upesi kwamba nyumbani hakuna tena wa kumkagua.

Kufikia kidato cha sita mzazi hubakiwa na kazi mbili tu, kulipa na kuomba dua. Ada ya shule za serikali ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Lakini kijana wa Chamazi akipangiwa shule ya bweni mkoani, nauli, godoro, sare na tuisheni ya likizo havikufutwa. Kuhusu tuisheni tuseme neno moja. Mzazi asiyeweza kuipima kazi ya mtoto kwa macho yake huipima kwa fedha aliyoitoa, na kwa hiyo hudhani kwamba kadiri alivyolipa ndivyo kijana alivyosoma.

Lakini jambo linalowachanganya wazazi kuliko yote ni namna ya kuyasoma matokeo. Hapa tunamwomba msomaji awe mvumilivu, maana hesabu hizi walimu wengi nao huzisikia juu juu.

Katika darasa la saba alama hukusanywa kufikia jumla ya 300, na mwenye nyingi ndiye aliyeshinda. Mzazi ameizoea hesabu hiyo, kwani ndiyo ya dukani pia: kingi ni bora kuliko kidogo. Katika kidato cha nne hesabu hugeuka. Herufi A huwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Masomo saba bora hujumlishwa, na daraja la kwanza ni la mwenye pointi 7 mpaka 17. Sasa mwenye chache ndiye bora. Katika kidato cha sita mwelekeo ni huo huo, lakini huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi tu, na ngazi huongezeka: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Daraja la kwanza ni pointi 3 mpaka 9, la pili 10 mpaka 12, la tatu 13 mpaka 17. Kisha kijana anapoomba nafasi ya shahada, hesabu hugeuka mara nyingine! Kwa waliomaliza tangu mwaka 2016, utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu huipa A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, nao hudai pointi zisizopungua 4 katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi inayoombwa.

Tutoe mfano. Vijana wawili wa mtaa mmoja wa Yombo wamepata daraja la tatu, kila mmoja kwa pointi 14. Wa kwanza ana D, D na S, yaani 4 na 4 na 6. Wa pili ana D, E na E, yaani 4 na 5 na 5. Kwenye karatasi ya matokeo wako sawa, na wazazi wao huenda wakapongezana. Kwa hesabu ya chuo kikuu, wa kwanza ana 2 na 2, jumla 4, naye amekifikia kiwango cha chini, mradi masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi yake. Wa pili ana 2 na 1, jumla 3, naye hakukifikia. Nani atamweleza mama wa kijana wa pili jambo hili? Asipoelezwa, atafikiri kwamba mwanawe amedhulumiwa, au kwamba mwenzake ametoa rushwa, au kwamba kijana anamficha jambo. Manung'uniko mengi tuyasikiayo juu ya nafasi za chuo yana mzizi wa namna hii.

Isitoshe, vipimo vyenyewe vimewahi kubadilishwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Kilio kikawa kikubwa, tume ikaundwa, na mwezi wa Mei serikali ikaagiza matokeo yale yafutwe na kuandaliwa upya. Mwaka 2014 madaraja yaliwekwa kando na wastani wa pointi ukatumika, kisha baadaye madaraja yakarudishwa. Nyumba yenye watoto waliofuatana ilipata vyeti vinavyosema lugha mbalimbali. Mzazi akikwambia kwamba haelewi, usidhani ni mjinga.

Baada ya mtihani huja kungoja, na kungoja huku kuna kazi. Utaratibu wa kuwapeleka wahitimu wa kidato cha sita Jeshi la Kujenga Taifa ulirejeshwa mwaka 2013, na vijana wengi huitwa makambini muda mfupi baada ya mtihani. Matokeo hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai. Katika miezi hiyo hiyo ndipo maombi ya vyuo na ya mkopo yanaposhughulikiwa, na si rahisi kwa kijana aliye kambini kuyafuatilia. Mzazi aliyekaa pembeni kwa miaka sita huitwa ghafula awe karani wa mwanawe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi, hutaka mdhamini, hutaka saini ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mama hufunga genge lake asubuhi, huenda kwa mwenyekiti, hutoka hapo akaenda kwa mwenye kompyuta, naye humsomea kwa haraka maandishi asiyoyajua.

Na hapo ndipo, mara nyingi, tatizo la jina hujitokeza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha shule kinasema Mwanahidi. Kimoja kina jina la babu, kingine kina la baba mlezi. Kosa hilo halikufanyika kidato cha sita. Mara nyingi lilifanyika siku mtoto alipoandikishwa darasa la kwanza, pale mwalimu alipoandika alivyosikia bila kuomba karatasi, kisha likasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, likafuatana na mtoto hadi sekondari na kuchapwa katika cheti. Herufi moja ya mwalimu wa darasa la kwanza inaweza kumgharimu mzazi kiapo cha wakili, nauli za kwenda na kurudi, na wakati mwingine tarehe ya mwisho ya maombi.

Basi mwalimu wa shule ya msingi afanye nini? Kwanza atambue kwamba yeye, katika shule nyingi za serikali, ndiye mwalimu wa mwisho atakayezungumza na mzazi juu ya masomo kwa lugha inayofundishia. Muda huo autumie. Tungependa kila mwalimu wa darasa la sita na la saba atenge mkutano mmoja usiozungumzia mchango wowote. Tunalisisitiza jambo hili, kwani wazazi wengi hukimbia mikutano kwa sababu wamefunzwa na shule zenyewe kwamba mkutano maana yake ni mchango. Siku ya kazi asubuhi haifai kwa mama lishe wala kwa kuli wa bandarini. Jumamosi alasiri yafaa zaidi. Mwalimu achore ubaoni hesabu tulizozieleza, atoe mfano wa vijana wawili wa Yombo, kisha awaachie wazazi wazikokotoe wenyewe.

Awaoneshe pia kwamba kumsaidia kijana hakuhitaji Kiingereza. Mzazi anaweza kumwambia mwanawe amweleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Kijana asiyeweza kueleza kwa Kiswahili namna mmea unavyojitengenezea chakula hajalielewa somo, amekariri maneno tu, na mzazi atalitambua hilo kwa masikio yake. Anaweza kupanga saa ya kusoma katika chumba kimoja cha kupanga chenye watu sita na redio ya jirani. Zoezi hili lianze darasa la tano, ili kidato cha kwanza kiwakute mzazi na mtoto wamekwisha kulizoea.

Mwisho wa mkutano, mwalimu aifungue rejista na kuyasoma majina ya watoto wote, herufi kwa herufi, kila mzazi akiwa ameshika cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Asiye na cheti aelekezwe siku hiyo hiyo mahali pa kukipata, na jina lililokosewa lisahihishwe kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa wilayani. Kwa darasa la watoto 100 kazi hiyo huchukua muda wa saa mbili hivi.