Kafeini, usingizi na ndoto: yanayompata mtu anapoacha kahawa ghafla

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, katika siku za mwanzo za Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, lalamiko moja husikika maofisini, sokoni na majumbani katika miji ya mwambao: kichwa kinauma tangu adhuhuri. Wengi huamini kuwa ni njaa au kiu. Njaa na kiu zina sehemu yake, lakini kwa mtu aliyezoea kuianza siku kwa kahawa chungu au chai iliyokolea majani, mara nyingi kuna sababu nyingine: mwili umekosa kafeini.

Siku chache baadaye, mtu huyo huyo huweza kupatwa na jambo la pili ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini zaidi. Ni ndoto ndefu, zilizo wazi kama mambo ya mchana, zinazobaki akilini hata baada ya kuamka. Wapo wanaozipokea kuwa ishara, na wapo wanaotoka nyumbani kwenda kutafuta kinga kwa kudhani kuwa wamechezewa. Kabla ya kufika huko, ni vyema mwananchi akafahamu kafeini inafanya nini mwilini na nini hutokea inapoondoka.

Kafeini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye buni mwaka 1819 na mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge. Imo kwenye kahawa, chai, kakao, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Imo pia kwenye baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalisomi kwenye boksi.

Utendaji wake si mgumu kuueleza. Tangu mtu anapoamka, ubongo unaofanya kazi hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka, na inaponasa kwenye vipokezi vyake hupunguza kasi ya ubongo. Hapo ndipo kope huwa nzito. Kafeini ina umbo linalokaribiana na adenosini, hivyo huweza kukaa kwenye vipokezi hivyo pasipo kuleta usingizi. Ni sawa na mtu aliyekalia kiti cha mwenzake: mwenye kiti amefika, lakini hana pa kuketi. Uchovu haujaondoka, bali umezuiwa mlangoni, na kafeini inapopungua huingia wote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, jina la vinywaji vya kuongeza nguvu linaahidi zaidi ya kilichomo ndani ya kopo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni muda. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, mwili huhitaji takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia, ingawa watu hutofautiana sana. Aliyekunywa kikombe chenye miligramu 100 saa 11 jioni bado ana takriban miligramu 50 ifikapo saa 4 usiku, na miligramu 25 saa 9 usiku. Katika utafiti uliofanyika Detroit, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, watu waliopewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Wengi wao hawakuhisi kuwa wamepoteza kiasi hicho. Hili ndilo linalopaswa kumshughulisha anayesema kuwa yeye hulala vizuri hata akinywa kahawa usiku: anaweza kulala kweli, lakini usingizi mzito unaoujenga mwili ukawa umepungua bila yeye kujua.

Mwili wa anayetumia kafeini kila siku huzoea kuwapo kwake, ikiwamo kubana kwa mishipa ya damu ya ubongo. Akiacha ghafla, mishipa hutanuka na kichwa huuma. Dalili huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea kwa siku mbili hadi tisa. Pamoja na maumivu ya kichwa kuna uchovu, usingizi wa mchana, hasira za karibu na kushindwa kutuliza fikra. Haihitaji mtu awe mnywaji wa kupindukia. Hata miligramu 100 kwa siku, yaani kikombe kimoja cha kahawa, hutosha kuleta hali hiyo. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiingiza rasmi katika mwongozo wake wa utambuzi wa magonjwa. Anayemeza kidonge chenye kafeini ili kutuliza kichwa hicho hupata nafuu ya haraka, lakini amerudisha kile kile alichokuwa akikiacha.

Sasa tuzitazame ndoto. Usiku wa mtu mzima hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko huja usingizi wa ndoto, ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliueleza mwaka 1953 baada ya kuona macho ya waliolala yakienda mbio chini ya kope. Vipindi hivyo ni vifupi mwanzoni mwa usiku na hurefuka kuelekea alfajiri. Kwa hiyo anayeongeza saa moja ya kulala asubuhi huongeza hasa muda wa kuota. Aidha, utafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha vijana wa kiume 20, ulionesha kuwa kafeini inayotumiwa kila siku huchelewesha usingizi wa ndoto. Aliyeacha kahawa hulala mapema na kwa muda mrefu zaidi. Ndoto zilizokuwa zikikosa nafasi huipata. Hajarogwa.

Ipo aina moja ya ndoto inayowavutia vijana hasa: ile ambayo mtu anaota huku akijua kuwa anaota, na wakati mwingine huweza kuielekeza. Hii si hadithi. Mwaka 1975, Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alirekodi ishara za macho zilizokubaliwa kabla, zikitolewa na mtu aliyekuwa usingizini. Macho yalitumika kwa kuwa katika usingizi wa ndoto misuli mingine mingi hulegea kabisa. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifikia matokeo kama hayo miaka michache baadaye.

Wapo wanaoamka usiku wa manane, wakanywa kahawa na kurudi kitandani ili kuzitafuta ndoto hizo. Kinachotokea mara nyingi ni usingizi mwepesi unaokatika katika, na anayeamka katikati ya ndoto huikumbuka vizuri zaidi, hivyo hudhani kuwa kahawa imemletea ndoto. Kwa mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi, hiyo ni bei kubwa kwa burudani ndogo. Usingizi unaovurugwa hivyo huweza pia kuleta hali ya kuamka akili ikiwa macho huku mwili ukikataa kusogea, ambayo wengi huiita kukabwa na jinamizi. Hutisha, lakini hupita ndani ya sekunde au dakika chache.

Anayetaka kuacha anashauriwa kupunguza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili: nusu kikombe badala ya kimoja, chai nyepesi badala ya kahawa, na kikombe cha mwisho kabla ya saa 8 mchana. Wajawazito wana sababu ya ziada, kwa kuwa miezi ya mwisho ya ujauzito kafeini huweza kuchukua saa 15 kupungua nusu; Shirika la Afya Duniani linawashauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku kupunguza.

Dereva wa masafa asiichague siku ya safari kuwa siku ya kuacha. Akishikwa na usingizi njiani, mwongozo wa barabarani wa Uingereza una maelekezo yanayofaa hata huku kwetu: asimame mahali salama, anywe vikombe viwili vya kahawa, kisha alale angalau dakika 15. Kahawa huchukua takriban nusu saa kufanya kazi ipasavyo, na usingizi huo mfupi ndio unaopunguza adenosini yenyewe.

Kwa wafungaji, wakati wa kuanza kupunguza ni mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Kikombe kinachobaki kinyweke mara baada ya futari. Kikicheleweshwa hadi baada ya tarawehe, huula usingizi mchache uliopo kabla ya daku.