Sinema za vita: Mbiru haikuwa na stelingi

Wasikilizaji, nanyi mnaoyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuziangalie sinema za vita, za mauaji yanayofanywa na dola, na za wananchi kuinuka. Sinema hizi zina watazamaji wengi kuliko vitabu vya historia, na kwa vijana wetu wengi ndizo zilizogeuka kuwa mwalimu. Swali langu ni dogo: mwalimu huyu anafundisha nini, na anaruka nini?

Swali hili nimelipata Kifaru. Wengi wenu mnakijua kijiji hicho kwa kukipita, basi likielekea Moshi au Arusha: nyumba kando ya barabara kuu, na milima ya Ugweno imesimama kwa juu. Huko nilikuta vijana wamebanana katika kibanda umiza, wakitazama vifaru vya vita vikibomoa mji, na sauti ya mtafsiri ikiwasimulia kwa Kiswahili chenye mizaha. Ilipokwisha niliwauliza kuhusu Idi Amin. Walinieleza vizuri, kama walivyomwona kwenye sinema. Nikawauliza kuhusu Mbiru. Mmoja alidhani ni mchezaji wa mpira. Wenzake walinyamaza.

Sikuwashangaa. Mbiru haijapata kuonyeshwa kibandani. Lakini kabla hatujafika huko, tuone kwanza sinema ya namna hii inavyotengenezwa, maana ina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kwamba lazima awepo stelingi, na stelingi hafi. Mtazamaji hawezi kulia na watu laki nane. Anaweza kulia na mtu mmoja. Ndiyo maana watengenezaji wa Hotel Rwanda, sinema ya mwaka 2004, waliyabebesha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 mabegani mwa meneja mmoja wa hoteli, Paul Rusesabagina. Dunia ikampenda. Hata hivyo, baadhi ya watu walionusurika katika hoteli hiyo walikuja kuipinga picha ile ya shujaa. Mwaka 2021 mahakama ya Rwanda ilimhukumu Rusesabagina kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi iliyolalamikiwa sana nje ya nchi hiyo, na mwaka 2023 akaachiwa. Sisemi nani mkweli. Ninachosema ni kwamba mtu halisi ana kona nyingi, na stelingi hana hata moja.

Kanuni ya pili ni jicho. Kila sinema inatazama kwa macho ya mtu fulani. Waingereza walipotengeneza sinema ya Simba mwaka 1955, vita vya Mau Mau vikiwa bado vinaendelea Kenya, jicho lilikuwa la mlowezi. Mtazamaji alitetemeka pamoja naye usiku shambani. Ukweli ni kwamba walowezi waliouawa hawakuzidi sana 30, ilhali Waafrika walionyongwa kwa amri za mahakama za kikoloni walizidi 1,000, mbali na waliofia porini na kambini. Aidha, The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin, inatazama Uganda nzima kwa macho ya daktari kijana wa Kiskoti ambaye ni wa kutungwa. Hadithi yenyewe inakomea kwenye ndege iliyotekwa Entebbe mwaka 1976. Askari wetu walioingia Kampala Aprili 1979, na watu wa Kagera waliochomewa nyumba zao mwaka 1978, hawamo.

Kanuni ya tatu ni kwamba kamera hupenda kinacholipuka. Risasi inapigwa picha kwa urahisi. Sababu ya risasi haipigwi picha kwa urahisi. Wako wanaojaribu. Raoul Peck, katika Sometimes in April ya mwaka 2005, amesimulia habari ya ndugu wawili wa Rwanda, mmoja wao mtangazaji wa redio ya chuki, na sehemu ya sinema hiyo inatupeleka Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa. Jambo hilo si la kutunga tu. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mimi kazi yangu ni kipaza sauti, na nakiri sehemu hiyo ilinikosesha usingizi kuliko mapanga yote niliyoyaona kwenye sinema. Pale silaha ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa kitini.

Sasa twende Mbiru, tuzipime kanuni hizo tatu.

Katika miaka ya vita kuu ya pili, wakoloni na machifu wa Upare walileta kodi mpya. Waliipa jina la mbiru, jina la ushuru wa kale waliopewa watawala wa Kipare. Haikuwa kiwango kimoja kwa wote. Kila mwenye kaya alikadiriwa kwa mali yake, yaani mifugo, mashamba na kahawa, na waliokadiria walikuwa watu wa chifu. Hapo ndipo palipouma. Mtu hakujua kwa nini yeye alipe hivi na jirani yake vile. Kilichowaudhi wananchi hakikuwa kulipa tu, bali kuhesabiwa mfukoni na mtu wasiyemwamini.

Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakaenda Same, makao ya Wilaya ya Pare, ambayo siku hizi ni wilaya mbili za Same na Mwanga. Walipofika hawakuvamia ofisi ya Bwana Shauri. Walikaa. Walikaa siku, wakakaa majuma, wakisema hawaondoki mpaka kodi ile iondolewe. Serikali ilikamata viongozi, na wengine wakahamishwa mbali na Upare. Watu hawakwenda nyumbani.

Wanawake nao waliinuka. Huko Usangi waliandamana mbele ya wakubwa, wakamwambia afisa wa Kiingereza: ama amalize mgogoro huu waume wetu warudi, ama atupe yeye mimba. Fikirieni, katika miaka ile, mama wa Kipare kumwambia Mzungu maneno hayo hadharani! Mgogoro uliendelea, lakini kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha, ikarudi kodi ya kiwango kimoja.

Je, sinema ya jambo hili utaitengenezaje? Stelingi ni nani? Hayupo, walikuwa maelfu. Mlipuko uko wapi? Silaha yao ilikuwa kukaa chini. Na jicho? Hapa kuna jambo la kusikitisha. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza sinema kule Vugiri, Usambara, milima jirani kabisa na Upare. Walipiga picha za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na utii kwa mambo ya kisasa, wakazungusha sinema hizo kwa lori kutoka nchi hadi nchi. Kwa hiyo kamera ilifika jirani mapema. Lakini kamera ina mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Mpare. Tulicho nacho kuhusu Mbiru ni maandishi, kikiwemo kitabu kidogo cha mwanahistoria Isaria Kimambo cha mwaka 1971, pamoja na kumbukumbu za wazee.

Kwa nini jambo hili linahusu mtu wa mjini aliyenunua gazeti hili? Kwa sababu kijana aliyejifunza maasi kibandani tu anaamini kuna njia mbili: kunyamaza au kupiga. Njia ya watu wa Same haijui. Na mtawala aliyejifunza huko huko anaamini kila umati ni vita, naye huandaa risasi.

Siku hizi walau kamera imeanza kuhama mikono. Mwaka 2021 Amil Shivji alitutengenezea Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na tukaiona Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa macho ya Wazanzibari wenyewe. Nchini Kenya, vijana waliandamana kupinga kodi Juni 2024 na baadhi yao wakauawa kwa risasi mbele ya Bunge. Aprili 2025 BBC ilitoa sinema ya uchunguzi iitwayo Blood Parliament, iliyochambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu waliokuwapo, ili kuwatambua waliofyatua. Hata hivyo simu nayo si malaika. Picha ya nchi nyingine hupachikwa jina la nchi yetu, ikazua balaa. Maswali ni yale yale: nani ameshika kamera, alisimama upande gani, na nani ameachwa nje ya picha?

Ushahidi wa wazee si kitu kidogo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau. Hawakuipata haki hiyo kwa sinema. Waliipata kwa kusimama na kueleza yaliyowapata, pamoja na nyaraka zilizokuwa zimefichwa Uingereza.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945, akamwona baba yake akiteremka kwenda Same, leo kama yu hai amekwisha kutimiza 90. Wenye asili ya Upare mlioko Dar es Salaam, Arusha na Tanga, likizo ya Desemba mtapanda nyumbani kama kawaida yenu. Mtakuwa na simu mifukoni. Mwulizeni bibi habari za Mbiru, mwacheni aseme kwa Kipare chake mpaka achoke, na msimkatize. Atakayetaka kutengeneza sinema atakuja siku yake. Sauti ya bibi haitamngoja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.