Mabaki ya moto wa atomu: nani alipe, nani alinde?

Katika inchi yetu jina la uraniumu si geni. Ile ya Shinkolobwe, katika Katanga, ndiyo iliyotiwa katika kazi ya bomu za mwaka 1945. Kiisha, mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya Mgr Luc Gillon, padri na mwenyi elimu ya fisika, kilipata tanuru ndogo ya atomu, ya kwanza katika Afrika. Lakini ni wachache wanaouliza: uraniumu iliyokwisha kutumika huwekwa wapi, na gharama yake ni juu ya nani? Tunataka kueleza jambo hilo, tukitazama zile tanuru kubwa za Ulaya na Marekani zinazotoa umeme kwa miji mizima. Ile ya Lovanium ilikuwa ya masomo tu.

Tuanze na kitu chenyewe. Uraniumu hutengenezwa vidonge vidogo kama ncha ya kidole, vidonge hupangwa ndani ya mirija mirefu ya chuma, na mirija hufungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Mzigo hukaa katika tanuru miaka mitatu mpaka mitano hivi. Ukitolewa, kwa macho haukubadilika: hauna moshi wala majivu. Katika kila kilo 100 karibu kilo 95 ni uraniumu bado, kilo 1 hivi ni plutoniumu iliyozaliwa mule motoni, na zinazobaki ni vipande vya atomu zilizopasuka. Vipande hivyo ndivyo vyenye ukali mwingi. Mtu akisimama karibu na mzigo uliotoka sasa hivi, bila kizuizi, mionzi yake itamwua. Kwa hiyo hutiwa mara moja katika birika kubwa lenye maji ya kina kirefu. Maji yanaupoza, tena yanazuia mionzi.

Ukali huo unapungua, lakini si kwa mwendo mmoja. Sesiumu 137 hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 30. Plutoniumu 239 inahitaji miaka 24,000 na zaidi kwa kupoteza nusu yake. Basi angalieni hesabu hii: kompani inauza umeme miaka 60 labda, faida inagawanywa, na mzigo unadumu kupita falme zote tunazosoma katika historia. Baba anakula, mjukuu anadaiwa! Dawa yake ni moja tu: feza za maziko zikusanywe wakati umeme ungali unauzwa, maana kompani ikiisha kufunga mlango, utamdai nani?

Wamarekani walielewa hayo mapema. Kwa sheria ya mwaka 1982 makompani ya umeme wa atomu yalitozwa sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila kilowati ya saa moja, na serikali iliahidi kuanza kuchukua mizigo mwaka 1998. Feza zilipatikana, mfuko ukapita dolari miliari 40. Pahali ndipo hapakupatikana. Mwaka 1987 Bunge lilichagua mlima mmoja tu, Yucca, katika Nevada. Watu wa Nevada hawakutaka. Mwaka 2002 Guverneri wao alikataa, Bunge likampita. Miaka michache baadaye serikali nyingine ikaiacha kazi ile. Makompani yakashitaki, mahakama ikawapa haki, na malipo hayo hayatoki katika mfuko ule, yanatoka katika hazina ya watu wote. Mwaka 2014 mchango ulisimamishwa. Mizigo imebaki kando ya tanuru, katika birika na katika mapipa makubwa ya chuma na beton. Mapipa ni imara, hatukatai, lakini pipa linataka mlinzi, na mlinzi anataka mshahara.

Finland ilishika njia nyingine. Mfuko wake ulianza mwaka 1988, na kila kompani hutoa sehemu kadiri ya deni la mabaki yake. Kwa sheria ya mwaka 1994, mabaki yaliyozaliwa Finland yazikwe Finland. Yasipelekwe kwa wengine, wala ya wengine yasiletwe. Mwaka 1995 makompani mawili yaliunda kompani ya maziko, Posiva. Tena sheria ilimpa mwenyi pahali ruhusa ya kusema hapana, na hapana yake isivunjwe na mtu. Baraza la komine ya Eurajoki lilikubali mwaka 2000. Bunge likathibitisha mwaka 2001. Ni kweli, komine hiyo ilikuwa imekwisha kuzoea tanuru za Olkiluoto na kodi zake. Lakini waliulizwa kwanza, na kwa maoni yetu hii ndiyo tofauti kubwa kupita zote kati yao na Nevada.

Kuchimba kulianza mwaka 2004. Pango lao, Onkalo, linashuka zaidi ya metre 400 katika mwamba wenye umri wa miaka karibu miliari 2, nalo limepimwa kwa tani 6,500 za uraniumu. Mizigo inatiwa ndani ya chuma, na chuma ndani ya gamba la shaba nyekundu lenye unene wa santimetre 5. Watu wa Katanga hawatashangaa: shaba hukaa katika ardhi miaka mingi bila kuliwa, hasa pasipo hewa. Kuzunguka shaba wanashindilia udongo unaoitwa bentoniti, ambao ukinywa maji huvimba na kuziba kila ufa. Mwaka 2024 walianza majaribio ya mitambo kwa mizigo isiyo na mabaki ndani.

Linabaki swali: watu wa miaka 10,000 ijayo wataonywa ginsi gani? Mwaka 1984 Thomas Sebeok, mwenyi elimu ya lugha, alitoa shauri katika Marekani kwamba uundwe kama ukuhani wa atomu, watu wa kupokezana habari kizazi kwa kizazi, kwa mila na hadisi za kutisha. Mapadri watacheka kidogo. Sisi tunaona hofu si mlinzi mwema: anayesikia hadisi ya shimo lililokatazwa, kesho anakuja na jembe. Wafinland wamefanya mpango kwamba njia za chini zikiisha kuzibwa, pango lisihitaji mlinzi wala feza tena, na juu yake pabaki msitu.