Konokono wa Mawe Aliyefika Ulemo

Hivi karibuni, nikiwa safarini mkoani Singida, nilisimama Ulemo, wilayani Iramba, kupata chai. Juu ya kabati la vikombe, mwenye mgahawa alikuwa ameweka jiwe la duara lililokatwa katikati, uso wake ukimeta kama kioo. Ndani yake vilionekana vyumba vidogo vidogo vimejipanga kwa kuzunguka, mithili ya konokono.

"Shikamoo mama. Hili umelitoa wapi?"

"Marahaba. Mwanangu kalinunua kwa mchuuzi, shilingi elfu arobaini. Sasa anataka kuuza mbuzi anunue mashine, akachimbe ya kwake milimani humu."

Kijana akaitwa, tukaketi. Niliyomweleza yeye ndiyo ninayokueleza leo, ndugu msomaji.

Jiwe lile ni amonaiti, mnyama wa baharini, jamaa ya ngisi na pweza, aliyetoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita. Gamba lake lilifukiwa na matope, maji yenye chokaa yakapenya vyumbani na polepole yakaacha fuwele. Mengi ya yanayouzwa duniani yakiwa yameng'arishwa hutoka Madagaska, upande wa Mahajanga, na yana umri wa miaka kama milioni 110.

Mchimbaji hulitoa likiwa limeganda ndani ya bonge la udongo mgumu. Fundi hulibandua, kisha hulipasua kwa msumeno wenye chembe za almasi, huku maji yakitiririka ili lisipate moto na vumbi lisiruke. Hapo ndipo kazi inapoanza. Uso husuguliwa kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi. Ukiruka hatua moja, mikwaruzo itajitokeza mwishoni na utarudi mwanzo. Mng'aro wa mwisho hutoka kwenye kitambaa kizito chenye unga laini sana. Nyufa huzibwa kwa gundi ya plastiki. Hilo si kosa, mradi mnunuzi aambiwe. Vipande viwili vya gamba moja huuzwa pamoja, navyo lazima vifanane kama uso na kivuli chake kwenye kioo. Vingine ni vya kuumbwa kwa plastiki, na hivyo mkononi huwa vyepesi na havina ubaridi wa jiwe.

Sasa kuhusu vilima vya Iramba. Miamba yake, ile iliyotoa dhahabu ya Sekenke, ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Wanyama wenye magamba walianza kuonekana duniani miaka milioni mia tano na ushei tu iliyopita. Kumtafuta amonaiti humo ni kutafuta nyayo za mjukuu kwenye njia aliyopita babu kabla hajaoa. Tena bahari ya amonaiti iliishia ukanda wa pwani, kama kule Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Magamba ya baharini yaliyokuwa kwenye matabaka ya huko yamewasaidia wataalamu kukadiria umri wa mifupa ile. Gamba lililong'olewa bila kuandikwa lilikotoka haliwezi tena kutoa ushahidi huo.

Singida nayo ina hazina yake. Mahenge (si ile ya Morogoro) palikuwa na ziwa katika shimo la volkeno, miaka kama milioni 46 iliyopita. Samaki wake wamehifadhika katika matope yaliyogeuka jiwe, pamoja na popo aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2003. Hao hawang'arishwi, ni vibao vyembamba, msumeno ungevimaliza. Tena mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, wala hayachimbwi bila leseni.

Kijana alinyamaza kidogo, akauliza kama mashine hiyohiyo inakata mawe ya vito. Inakata, nikamjibu, ila mengi ya hayo ni magumu kuliko amonaiti na vumbi lake huharibu mapafu. Asithubutu kukata bila maji.

Mama akauliza maji hayo atayachota nani.