Masta ya usimamizi wa TEHAMA ukiwa kazini Tukuyu, inawezekana?

Wadau, swali hili halikosekani pale kafe: mtu ana digrii, kaajiriwa hapa Tukuyu, anataka masta ya usimamizi wa TEHAMA bila kuacha kazi. Aanzie wapi? Mimi nimeishia kidato cha sita, kwa hiyo msidhani najitangaza. Nimefuatilia tu, nikaona niwamegee.

Kwanza tuelewane. Hii siyo kozi ya kutengeneza kompyuta, mafundi tunao. Ni ya yule anayeamua SACCOS inunue mfumo upi, mkataba na muuzaji uandikweje, nani apewe nywila, data zitunzwe wapi ili mashine ikiibiwa kazi isife. Tangu serikali ianze kukusanya malipo kwa kontroli namba mwaka 2017, mtandao ukikata ofisini foleni nzima inakodoa macho. Mtu wa kusimamia hayo anatakiwa Rungwe pia, siyo Dar tu.

Sasa chuo. Wengi wanawaza Mbeya mjini, maana MUST ipo na Mzumbe ina ndaki yake. Ni karibu, ila kwenye ramani. Kilomita kama 70! Umetoka kazini saa tisa na nusu, usubiri kosta ijae, Kiwira, ukungu wa Isyonje, foleni ya Uyole... Na usiku urudi. Wiki moja utaweza. Miaka miwili, thubutu! Masomo ya wikiendi yanabebeka, ila ulizia ratiba kabla ya kulipa.

Ndipo Chuo Kikuu Huria kinapoingia. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kimekusudiwa hasa watu wa namna hii, wasioweza kuacha kazi wakakae bweni. Kina kituo Mbeya. Unasoma kwako, mitihani unaifuata kituoni. Uyole unapaona kwa nadra.

Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kukuamsha. Na mtego mkubwa ni tasnifu: masomo yameisha, hakuna anayekuuliza, mwaka unapita na ada inadai. Dawa ni kuchagua mada iliyo mezani kwako. Kama uko kwenye chai, andika jinsi uzito wa majani unavyorekodiwa mpaka mkulima analipwa. Data unazo, ila omba ruhusa ya bosi kwa maandishi, maana mabosi hubadilishwa!

Halafu pesa. Usitoe hata senti kabla hujahakikisha TCU inakitambua chuo na programu yenyewe. Nasema hivi kwa sababu ya hizi masta za mtandaoni kutoka nje, miezi sita tu umehitimu. Cheti cha nje kinapelekwa TCU kitambuliwe. Kikikataliwa, umebaki na karatasi, na nyumbani walishauza ng'ombe. Vilevile angalia matokeo yako ya digrii ya kwanza, maana vyuo vingi vinataka angalau daraja la pili. Na kama ni mtumishi wa umma, pata ruhusa ya mwajiri mapema, usije ukazuiwa siku ya mtihani.

Aliyewahi kusoma Huria kituo cha Mbeya atuambie hapo chini: ada ulilipa kwa awamu ngapi, na tasnifu ilikuchukua muda gani?