Injini ikizimika baharini, mwenye shehena naye hulipa

MFANYABIASHARA anayeagiza bidhaa kutoka nje huangalia nauli, bei ya dola na ushuru. Ni wachache wanaojiuliza nani anashika zamu katika chumba cha injini cha meli iliyobeba mali yao. Hata hivyo, mitambo ikizimika, hasara haimwishii mwenye meli peke yake.

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2024, meli ya makontena Dali ilipoteza umeme mara mbili ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani. Kwa muda wa dakika 4 hivi ilikwishagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Wafanyakazi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara darajani walikufa, na njia ya meli haikufunguliwa kikamilifu hadi Juni 10.

Mwezi Aprili mwenye meli alitangaza kuwa gharama za uokoaji zitachangiwa na wenye shehena pia, kwa desturi ya siku nyingi ya biashara ya bahari. Katika utaratibu huo, asiye na bima huweza kutakiwa kuweka fedha taslimu kabla ya kukabidhiwa mzigo wake.

Uchunguzi uliokamilika mwaka 2025 ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa waya mmoja uliolegea. Simuleta haikazi waya. Faida yake ni kumzoesha mhandisi dakika kama hizo kabla hazijamkuta.

Simuleta ni mtambo wa kompyuta unaoiga chumba cha injini, pamoja na mbao za swichi, kengele za hatari na hata ngurumo. Mwalimu, akiwa chumba cha pili, huziba chujio la mafuta, hushusha presha ya oili au huzima jenereta. Mwanafunzi hutakiwa kutambua kasoro, kuwasha jenereta ya akiba na kurudisha mitambo kwa mpangilio. Akikosea, zoezi huanza upya. Hakuna mwenye meli atakayeruhusu kosa hilo lirudiwe mara kumi huku amebeba shehena.

Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, uliorekebishwa mwaka 1995, ulifanya simuleta za rada kuwa za lazima. Za injini zimebaki kuwa njia mojawapo tu ya kupima ujuzi. Mhandisi bado hutakiwa kushika zamu katika injini halisi kwa angalau miezi 6, kwa sababu joto, mtikisiko na uchovu haviigiziki vizuri darasani.

Kwa hiyo kampuni inayogharimia mafunzo ya simuleta bila kulazimishwa inalinda pia mali ya wateja. Mwagizaji ana haki ya kumwuliza wakala wake kuhusu jambo hilo. Na kwa kuwa jibu zuri halizuii ajali zote, bima ya shehena ikatwe kabla meli haijang'oa nanga.